Hesabuni mtaa kabla ya kuuchora upya

Mhariri,

Kila mjadala wa kubomoa na kujenga upya mitaa ya zamani ya Nakuru unapozuka, tunaonyeshwa michoro ya maghorofa yenye roshani na miti iliyopangwa mstari. Sijaona mchoro hata mmoja ulioambatana na jedwali la watu wanaoishi hapo leo: wanalipa kodi kiasi gani, riziki wanaitafuta wapi na wanafikaje huko. Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoamua kama nyumba mpya zitakaliwa na watu wa Kivumbini na Flamingo, au na watu ambao hawajawahi kupita huku isipokuwa kwa gari.

Nitaambiwa takwimu zipo. Zipo, kweli. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,162,202 katika kaunti hii, na 570,674 kati yao ni wa mji wa Nakuru. Makarani walizunguka na vishikwambi wakiuliza paa ni la nini, sakafu ni ya nini, maji yanatoka wapi, taka inatupwa wapi na chakula kinapikwa kwa moto gani. Ni kazi ya maana na siidharau. Ila sensa haikumuuliza mtu mapato yake. Uchunguzi wa bajeti za kaya wa 2015/16 uliingia kwenye mambo ya pesa, lakini ulipimwa kutoa picha ya kaunti nzima. Humo ndani mkulima wa viazi wa Molo, mchuma maua wa Naivasha na muuza mitumba wa Bondeni wamechanganywa pamoja, kisha tunaambiwa hiyo ndiyo hali ya maisha Nakuru.

Wastani una hila zake. Chukua kaya kumi, tisa zinalipa kodi ya shilingi 3,000 kwa mwezi na moja inalipa 30,000. Wastani ni 5,700, kiasi ambacho hakuna hata mmoja wao anayelipa. Afisa akipanga nyumba za watu wanaomudu 5,700, kaya tisa zitafungasha virago, na kwenye ripoti yake kila kitu kitaonekana sawa.

Pia kuna Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024. Inawagawa watu kwa mapato ya mwezi: wa chini ya shilingi 20,000 ni wa nyumba za kijamii, na wa kati ya 20,000 na 149,000 ni wa nyumba za bei nafuu. Kwenye karatasi mgawanyo huo unaeleweka. Mtaani, nani ana mapato ya mwezi? Mwendesha bodaboda anahesabu siku, na siku ya mvua si siku. Fundi wa mjengo anaweza kushika pesa nzuri wiki mbili, halafu akae nyumbani hadi saiti nyingine ifunguke. Mama mboga hajui faida yake mpaka aone kilichooza. Ukimuuliza yeyote kati yao anapata ngapi kwa mwezi, atakupa jibu la kukuondoa mlangoni, na jibu hilo ndilo litakaloandikwa. Afadhali aulizwe anatumia nini: kodi, maji ya mtungi, tokeni za umeme, karo, unga, nauli. Halafu aulizwe mwezi uliomlemea zaidi mwaka jana ulikuwaje, kwa maana nyumba hupotea katika mwezi huo.

Jambo ninalotaka kulisisitiza zaidi ni biashara. Uchunguzi wa kitaifa wa biashara ndogondogo wa 2016 ulikadiria kuwa Kenya ina biashara hizo zipatazo milioni 7.4, na zenye leseni zilikuwa takriban milioni 1.56 tu. Kwa hiyo anayepanga vibanda vya soko jipya kwa kutazama daftari la leseni anaona moja kati ya tano. Katika mitaa yetu zile nne zilizobaki ziko ndani ya nyumba. Cherehani iko mlangoni ili mwanga uingie. Mandazi yanakaangwa barazani alfajiri kwa sababu wanafunzi na watu wa kazi za mapema wanapita hapo hapo. Msusi anasukia kibarazani, na anayesubiri zamu yake ananunua njugu kwa jirani. Mpandishe mwanamke wa mandazi ghorofa ya nne, mpe choo cha ndani na sinki, halafu mwambie makaa hayaruhusiwi na wateja hawapandi ngazi. Umempa nyumba ukamnyang'anya duka. Baada ya muda atampangisha mtu mwingine chumba hicho na kurudi kwenye ploti ya mabati, na viongozi watasema watu hawa hawathamini maendeleo.

Hatuna pa kusukumana pia. Kaskazini kuna kreta ya Menengai, kusini kuna Ziwa Nakuru na mbuga. Upande wa magharibi ardhi imewahi kupasuka, na maji ya ziwa yalipopanda yalimeza nyumba za watu. Anayetolewa katikati ya mji anaangukia mitaa ya Kaptembwo au Rhonda, ambako vyumba tayari vimebanana, na kazi yake inabaki mjini. Nauli ya kwenda na kurudi haimo kwenye hesabu ya mradi wowote niliowahi kuusoma.

Wapo waliofanya tofauti, na si mbali. Mwaka 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza mitaa ya mabanda ya Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango miji. Wakazi wenyewe, wakiwemo wanachama wa Muungano wa Wanavijiji, chama cha wakazi wa mitaa ya mabanda, walishiriki kukusanya takwimu, na mashauriano yakaanzia kwenye vikundi vya kaya kumi kumi. Takwimu hizo zilionyesha kwamba mtu wa Mukuru anayenunua maji kwa mtungi hulipa bei kubwa kwa kila lita kuliko anayefunguliwa bomba katika mtaa wa matajiri. Hoja iligeuka hapo. Badala ya kubishana kama maskini wataweza kulipia huduma, ikabidi kuulizwa ni kwa nini wanalipishwa zaidi kwa huduma mbovu.

Na sisi wenyewe hatuanzi leo. Katika miaka ya 1990 Nakuru ilichaguliwa kwa mradi wa Umoja wa Mataifa wa kupanga miji kwa kushauriana na wakazi, ikashirikiana na Leuven ya Ubelgiji, na 1999 ukaandikwa mpango mkakati wa mji. Vijana wengi wa ofisi za mipango hawajui hata kama waraka huo upo. (Wazee wa mtaa wanajua. Waulizeni.)

Sheria haina shida. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 inataka mpango wa jiji uonyeshe hali ya maendeleo ilivyo na kutaja jamii zisizopata huduma za msingi. Hatuombi hisani.

Kuhesabu mtaa kuna mitego yake, na atakayekurupuka atanaswa. Karani akija saa nne asubuhi atawakuta watoto na wagonjwa, kwa hiyo aje jioni na Jumapili. Wakati wa mchana ahesabiwe pia yule anayelala mtaa mwingine kama Free Area lakini kibanda chake kiko hapa, kwani naye atabomolewa. Habari za orodha zikivuma, wapangaji wapya watachipuka usiku mmoja, na wengine watakuwa jamaa za wakubwa. Tarehe ya mwisho ya kuandikishwa itangazwe mapema, orodha ibandikwe kwa chifu, na majirani wapewe muda wa kupinga jina wasilolijua. Majirani hawadanganyiki kirahisi. Wengine wataogopa kwamba majibu yao yatafika kwa watoza ushuru au kwa mwenye ploti anayetafuta sababu ya kupandisha kodi. Hofu hiyo ina msingi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ipo kwa ajili yake. Takwimu za kila barabara zichapishwe bila jina wala nambari ya simu ya mtu.

Vijana waliomaliza kidato cha nne na vyuo wamejaa hapa bila kazi. Wapewe mafunzo na malipo, wahesabu mitaa yao wenyewe. Wanajua chumba kipi kina familia mbili zilizotenganishwa kwa pazia, jambo ambalo mgeni mwenye fomu hataambiwa.

Ombi langu kwa serikali ya kaunti na bodi ya jiji ni hili. Kabla ya mkandarasi yeyote kupewa kazi ya kubomoa nyumba za zamani, matokeo ya hesabu ya mtaa husika yabandikwe ukumbini kwa Kiswahili: kodi za sasa, kazi za watu, biashara zilizomo na masafa ya kwenda kazini. Kando yake ibandikwe kodi ya nyumba mpya itakayojengwa na idadi ya wakazi wa sasa watakaoimudu. Kisha kikao cha maoni ya umma kiitwe, tukiwa tumeshazisoma.

Mpangaji,
Kivumbini, Nakuru