Meli itafunga gati Civitavecchia: je, ni lazima twende Roma?

Ndugu Mshauri, pamoja nanyi wasomaji wenzangu,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, ninaishi Birmingham nchini Uingereza pamoja na mume wangu na watoto wetu wawili, binti wa miaka 13 na mvulana wa miaka 6. Katika likizo ijayo ya Pasaka tumekusudia kusafiri kwa meli ya kitalii katika Bahari ya Mediterania kwa wiki moja, tukianzia na kuishia Barcelona, na tumemwalika mama yangu mzazi atoke Tanga aungane nasi. Kampuni ya meli imekubali kutushikia vyumba hadi mwisho wa mwezi huu, na baada ya hapo tutatakiwa tulipe au tuviachie. Mpaka leo ninapoandika barua hii hatujakubaliana tupite njia ipi, na nimeona ni afadhali niombe ushauri kwa watu wasiokaa nasi meza moja.

Mama yangu amepita miaka 70. Alifundisha jiografia katika shule za sekondari mpaka alipostaafu, na ingawa hajawahi kukanyaga Ulaya, anaweza kuichora pwani yote ya Italia ubaoni bila kutazama kitabu. Akili yake bado ni kali. Magoti ndiyo yaliyochoka. Anatembea kwa mkongojo, ngazi anazipanda kwa taabu, na akisimama kwa muda mrefu ni lazima atafutiwe mahali pa kukaa. Kiti cha magurudumu anakikubali uwanja wa ndege tu, na kwa jambo hilo nimekwisha acha kubishana naye.

Njia zilizopo ni mbili. Moja inapitia Marseille, Livorno, Civitavecchia, Napoli na Palma. Nyingine inapitia Marseille, Genoa, Civitavecchia, Palermo na Tunis. Mume wangu anaitaka ile ya kwanza, na sababu zake si za kupuuzwa. Anasema kwamba safari ya namna hii huenda tusiipate tena, kwamba watoto wanasoma habari za Warumi shuleni, na kwamba kwa wiki moja, bila kufunga na kufungua masanduku kila siku, familia nzima itakuwa imeona Florence, Roma na Pompeii. Ameandaa jedwali lenye saa za treni, tiketi na umbali, nami nakiri kwamba ni kazi iliyofanywa kwa uangalifu.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba miji hiyo haiko bandarini. Livorno ni mahali pa kushukia tu, kwani Florence yenyewe iko kilomita zipatazo 90 kutoka hapo. Pisa iko karibu zaidi, lakini mnara wake ulioinama hauruhusu kupandwa na watoto wa chini ya miaka minane, na sijui ni nani atakayemweleza hayo mwanangu, ambaye ameshaahidiwa na baba yake kwamba atafika juu. Pompeii haiko mbali sana na Napoli, ila mji ule uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79 bado una barabara zake za kale, zilizotandazwa mawe makubwa yasiyolingana, ambayo hata mtu mwenye miguu mizima huyakanyaga kwa tahadhari.

Ama Civitavecchia, ambayo imo katika njia zote mbili, ndiyo iliyotugawa zaidi. Katika matangazo bandari hiyo huandikwa kana kwamba ndiyo Roma, lakini kutoka gatini hadi Roma ni zaidi ya kilomita 70. Meli yetu itafika saa moja asubuhi na kuondoka saa moja usiku, na abiria hutakiwa wawe wamesharudi mapema kabla ya ngazi kuondolewa. Ukiondoa muda wa kupanga foleni ya kushuka, basi la kututoa bandarini, treni ya mwendo wa saa moja na zaidi kwenda na nyingine kurudi, na akiba ya muda ambayo mtu mwenye watoto hawezi kukosa kuiweka, zinabaki saa sita au pungufu. Katika saa hizo mume wangu amepanga tuone Colosseum, chemchemi ya Trevi na Kanisa la Mtakatifu Petro, tena katika majira ya Pasaka ambapo Roma hufurika mahujaji na foleni za ukaguzi huwa ndefu kuliko kawaida. Tukienda kwa ziara inayouzwa melini, meli itatusubiri hata basi likikwama njiani, lakini bei yake kwa watu watano ni kubwa na mwendo wa kundi haumngojei mtu mwenye mkongojo. Tukienda wenyewe, mwendo utakuwa wetu, ila tukichelewa meli itaondoka, nasi tutaifuata bandari inayofuata kwa gharama zetu.

Mimi nimependekeza kitu ambacho mume wangu anakiona kama upuuzi: kwamba siku hiyo tusiende Roma kabisa. Tuteremke Civitavecchia asubuhi na mapema, tutembee polepole kandokando ya bahari, tuitazame ngome ya kale iliyo pale bandarini, tule chakula cha mchana mahali penye kivuli, kisha turudi melini ambako abiria wengi watakuwa wameondoka na mabwawa ya kuogelea yatakuwa na nafasi. Roma inafikika kwa ndege kutoka Birmingham wakati mwingine wowote. Nafasi ya kukaa na mama yangu mchana kutwa haipatikani hivyo. Mume wangu ananijibu kwamba hajawahi kusikia mtu mwenye akili timamu aliyefika mlangoni mwa Roma akala samaki na kurudi chumbani. Nilipomwambia basi yeye na binti yetu waende, nami nibaki na mama na mtoto mdogo, alisema kwamba safari ya familia si ya kugawana makundi.

Hapo ndipo mama mwenyewe alipoingilia kati katika simu, akasema, “Niacheni melini, baba, mimi nitatazama bahari.” Mume wangu alifarijika sana, akaona jambo limekwisha. Mimi sikufarijika. Mama ni mtu wa pwani, na mbele ya mkwewe hatasema kwamba amechoka, wala kwamba anaogopa kubaki peke yake kwenye jengo linaloelea lenye maelfu ya watu wasiojua lugha yake. Mume wangu naye, kwa heshima aliyo nayo kwake, hawezi kumuuliza mara ya pili. Nikimuuliza mimi, ananijibu kwamba nisimtie mume wangu hasira kwa ajili yake. Kwa hiyo kila mmoja anamheshimu mwenzake, na hakuna anayejua mwenzake anataka nini.

Ninachokijua kwa hakika ni kwamba mji mmoja anautamani kweli, nao ni Palermo. Huko ndiko mwanajiografia al-Idrisi alikoikamilisha ramani yake ya dunia mwaka 1154, katika utumishi wa Mfalme Roger wa Pili wa Sicilia, na ndiye aliyeandika habari za miji ya pwani yetu, Malindi na Mombasa zikiwamo, karne kadhaa kabla ya Wareno kufika. Ramani yake imechorwa kusini ikiwa juu. Mama alikuwa akitundika nakala yake darasani, na kila mwaka alipatikana mwanafunzi aliyeinuka kwenda kuigeuza, jambo ambalo mama alilisubiri kwa hamu. Isitoshe, Palermo inafaa kwa magoti yake. Meli hufunga gati mjini penyewe, na teksi hukufikisha kwa dakika chache kwenye kanisa kuu, ambalo katika baraza yake kuna nguzo iliyochongwa aya ya Kurani, kumbukumbu ya enzi ya utawala wa Waislamu ulioanza hapo mwaka 831 na kumalizwa na Wanormani mwaka 1072. Mbele kidogo ipo kasri ya wafalme hao wa Kinormani, yenye kanisa dogo ambalo dari yake ya mbao ilinakshiwa na mafundi wa Kiislamu. Mambo hayo yote mtu anaweza kuyaona kwa asubuhi moja, akapumzika kila baada ya hatua chache, asikose chochote.

Ila njia ya Palermo ndiyo hiyo hiyo inayokwenda Tunis, na Tunis imeleta mambo mawili mapya. Mume wangu hajasahau shambulio la mwaka 2015 katika Makumbusho ya Bardo, ambapo miongoni mwa waliouawa walikuwamo watalii waliokuwa wameteremka melini. Ni kweli kwamba meli ziliacha kwenda huko baada ya tukio hilo na baadaye zikarejea. Hata hivyo hofu yake naiheshimu. Mama kwa upande wake anauona mji wa Tunis, alikozaliwa mwanahistoria Ibn Khaldun mwaka 1332, kuwa zawadi ya ziada, na anasema angependa kuswali katika Msikiti wa Zitouna, kisha apite kwenye magofu ya mji wa kale wa Carthage, ambayo yako karibu na bandari ya La Goulette.

Jambo la pili ni viza, na hapa naomba wenye uzoefu wanisaidie hasa. Sisi wanne tuna pasipoti za Uingereza na hatuhitaji viza kwa matembezi mafupi, lakini mama ana pasipoti ya Tanzania na anahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika katika eneo la nchi nyingi za Ulaya. Hispania, Ufaransa na Italia zimo katika eneo hilo, Tunisia haimo. Maana yake ni kwamba akipewa viza ya kuingia mara moja, siku meli itakapofika Tunis atahesabiwa kuwa ametoka, na Barcelona hatoruhusiwa kuingia tena. Hata akisema hatateremka Tunis, kampuni inaweza kumkatalia kupanda meli tangu siku ya kwanza iwapo karatasi zake hazitoshelezi ratiba nzima. Kwa hiyo njia ya pili inamlazimu aombe viza ya kuingia zaidi ya mara moja, naye ni mtu ambaye pasipoti yake haina muhuri wa Ulaya hata mmoja, ukiacha kwamba viza ya Tunisia yenyewe nayo itabidi iulizwe kwa wahusika.

Tena kuna swali la ubalozi. Kanuni inasema maombi hupelekwa kwa nchi ambayo msafiri atakaa muda mrefu zaidi au iliyo kusudio kuu la safari, na ikishindikana kubainika, kwa nchi atakayoingilia. Njia ya Palermo ina bandari tatu za Italia, lakini mama ataingilia Hispania na tumepanga akae Barcelona siku mbili kabla ya meli kuondoka, ili ndege ikichelewa asiikose. Je, aende ubalozi wa Hispania au wa Italia hapo Dar es Salaam? Maombi hayapokelewi mapema zaidi ya miezi sita kabla ya safari, ada ya yuro 90 hairudishwi akinyimwa, na bima ya matibabu ya yuro 30,000 ni sharti. Wakati huo huo kampuni inataka salio la nauli lote kabla hatujapata jibu.

Sitaki kuchosha kwa mambo mengine. Kaka yangu wa Tanga anaona si heshima kumpeleka mama mtu mzima kwenye meli yenye baa na kamari, na kwamba fedha hizo zingempeleka Umra. Mama, ambaye alishahiji, amemjibu mwenyewe na sina la kuongeza. Chakula cha halali tumeambiwa kinaweza kuandaliwa kikiombwa mapema. Marseille haina mgogoro, kwa kuwa binti wa ami yake mama, ambaye asili yao ni Ngazija, anaishi huko kama walivyo Wangazija wengi, na siku hiyo tutakula kwake.

Basi naomba mnishauri. Nimshikilie mume wangu tuchukue njia ya Palermo, huku nikijua kwamba viza ya mama inaweza kukwama na fedha zikapotea, au nikubali njia ya Livorno na Napoli ambayo viza yake ni nyepesi, lakini mama ataiona Italia kupitia dirisha la chumba? Je, yupo msomaji aliyewahi kusafiri na mzazi mwenye magoti mabovu akaenda Roma kutoka Civitavecchia na kurudi kwa wakati, na mzazi huyo alisemaje siku ya pili yake? Na zaidi ya yote, ni nani katika familia anayefaa kumuuliza mama yangu swali hili kwa namna ambayo atajibu kwa ajili ya nafsi yake? Nimefikiria kumtuma binti yangu, ambaye atalala chumba kimoja na bibi yake na ambaye hufichuliwa mambo mengi ambayo mimi huambiwa hayapo, lakini naogopa kumbebesha mtoto maamuzi ya watu wazima.

Nitashukuru nikipata majibu kabla ya mwisho wa mwezi, na naomba jina langu lisichapishwe.

Wenu mtiifu,
Mama wa Wawili,
Birmingham, Uingereza