Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Kaunti ya Kisumu: ulimi mmoja, vipimo viwili

Mheshimiwa Waziri,

Tunaokuandikia ndio tunaosoma slaidi za saratani ya kinywa, yaani vipande vyembamba vya nyama kwenye kioo, chini ya hadubini. Kabla kaunti haijafikiria hadubini mpya, lipo jambo la bei nafuu linalotangulia: slaidi moja ikisomwa na watu wawili, itoe jibu moja.

Chukua uvimbe wa ulimi wenye upana wa sentimita 1.8. Msomaji mmoja anapata kina (jinsi saratani ilivyozama ndani ya nyama) cha milimita 4.6, mwenzake 5.4. Kwa toleo la 8 la mwongozo wa AJCC, kamati ya Marekani ya kupanga hatua za saratani, linalotumika tangu 2018, wa kwanza ameandika T1, daraja la chini la uvimbe, na wa pili T2, daraja linalofuata. Shida si macho, ni pale rula inapoanzia. Kina hupimwa kutoka usawa wa tabaka la msingi la utando mzima (usio na saratani) ulio kando ya uvimbe, kisha mstari unashuka wima hadi seli ya saratani iliyo chini kabisa. Anayeanzia juu ya uvimbe anapima unene: uliochomoza kama uyoga unaongezewa milimita, uliolika katikati unapunguziwa. Na kama kipande kilikatwa bila utando mzima pembeni, hakuna pa kuanzia. Hapo hata profesa anakisia.

Vichipukizi navyo, yaani seli moja moja au vikundi vya seli chini ya 5 kwenye mstari wa mbele wa uvamizi, vina mtego wake. Wengi huweka mpaka wa vichache na vingi kwenye vichipukizi 5 kwa uwanja mmoja (duara linaloonekana) wa lenzi inayokuza mara 20. Uwanja upi? Lenzi ya jicho yenye namba 18 huonyesha duara la milimita 0.9, yenye namba 22 milimita 1.1. Eneo linapanuka karibu mara moja na nusu, kwa hiyo mmoja atahesabu 6 palepale mwenzake alipohesabu 4, na hakuna aliyedanganya. Idadi iandikwe pamoja na eneo.

Kwenye neva ndiko tunakobishana zaidi. Kuna anayeandika "imevamiwa" seli zikigusa tu, na kuna anayetaka ziwe ndani ya ala (ganda la neva) au zizunguke angalau theluthi ya mzingo. Neva nyembamba hupotea ndani ya uvimbe kwenye rangi ya kawaida. Rangi ya S100, inayoshika neva, huziibua. Neno hilo moja, "imevamiwa", linaweza kumpeleka mgonjwa wa Bondo kwenye mionzi ya wiki sita.

Tunaomba zoezi hili. Slaidi 50, rahisi na ngumu, majina yamefunikwa. Kila mmoja asome peke yake, kisha arudie baada ya wiki nne kwa mpangilio tofauti, maana kuna anayepingana na yeye mwenyewe. Matokeo yapimwe kwa kappa, kipimo cha makubaliano kinachoondoa yale ya bahati (1 ni makubaliano kamili), maana asilimia hudanganya. Wawili wakitafuta neva iliyovamiwa, wakisema "hakuna" kwenye slaidi 44, "ipo" kwenye 2, na kutofautiana kwenye 4 (kila mmoja akiona 2 ambazo mwenzake hakuziona), wamekubaliana kwa asilimia 92, lakini kappa ni 0.46 tu. Sababu ni kwamba kitu kikiwa adimu, "hakuna" hulingana hata kwa kubahatisha. Baada ya hapo waketi pamoja kwenye hadubini moja, slaidi za ubishi tu, wakubaliane maneno, halafu wasome seti mpya. Kurudia ileile ni kupima kumbukumbu.

Huku thieta, nyama itiwe kwenye formalini, dawa ya kuihifadhi isioze, mara 10 ya ujazo wake, kwa saa 24 hadi 48, na ukingo wa mbele ushonwe uzi wa kuonyesha upande. Kopo la maji ya chumvi linalofika Jumatatu na nyama ya Ijumaa halina kappa ya kuliokoa.

Kutoka kwako tunahitaji waraka mmoja kwa thieta zote za kaunti, fomu ya ripoti isiyokubali nafasi ya kina, neva na ukingo kuachwa wazi, na nusu siku kila robo mwaka ya kusoma slaidi pamoja.

Wasomaji wa slaidi, Kisumu