Idd Mubarak kutoka Pangani, na dua kwa Fundi wetu

Assalam aleykum ndugu, jamaa na marafiki, Idd Mubarak kwenu wote, mlioko hapa Pangani na mlioko Tanga mjini, Dar, Mombasa mpaka Maskat. Mungu azitakabali funga zetu na atufikishe mwakani tukiwa wazima.

Mi mwenzenu hii ni Idd ya pili bila Fundi, na jana mwezi ulivyoandama tu miguu ikanipeleka mpaka pale dukani kwake wala sikua na cha kununua.

Wa rika langu mnamkumbuka. Duka la vitu vidogo vidogo, sukari ya robo, majani ya chai, sabuni ya kipande, na barazani cherehani. Polio ilimpooza miguu yote miwili akiwa mtoto kabla matone ya chanjo hayajawafikia, kwahiyo cherehani ya kukanyaga hakuiweza, alikua na ile ya mkono, kulia anazungusha mpini kushoto anaongoza kitambaa, na mshono wake umenyooka kuliko wa mafundi wengi wenye miguu yao mizima. Kuna waliovuka na pantoni kutoka Bweni mara ya kwanza wakamwona kakaa chini wakasita kuacha kitambaa, kesho yake wanarudi na cha mume na cha watoto.

Kitu nilichokua nakipenda pale ni kaunta. Aliitengeneza fupi kwa sababu yeye anauza amekaa, basi sisi watoto tukitumwa tunaangaliana nae uso kwa uso, shkamoo Fundi, marahaba mwanangu, umetumwa nini leo, wakati maduka mengine unasimama kwa vidole vya miguu unanyoosha mkono na hela, watu wazima wanahudumiwa kwanza we upo tu. Vya juu anavitoa kwa kijiti chenye ndoana, na biskuti ikidondoka ikavunjika ni yako.

Ramadhani sasa. Ikifika kumi la mwisho hapokei tena kitambaa cha mtu, hata uongeze hela, manake zile siku anashonea watoto ambao hakuna aliyewaletea kitambaa. Vipande vilivyobaki vya wateja anaomba mwenyewe kwa mwenye navyo, haibi, anaunga, na cha kupungua ananunua kwa hela ya duka. Usiku wa mwezi kuandama anatutuma na mafungu, zakatul fitri yake pishi ya mchele kwa kila kichwa nyumbani kwake, halafu na ya ziada sukari, tambi, kanzu imekunjwa katikati. Masharti ni kuweka mlangoni, kupiga hodi na kuondoka. Ukisema imetoka kwa nani mwakani hutumwi.

Na Agosti 2020 redio ilivyotangaza kwamba Afrika imetokomeza polio ya virusi vya asili nlikuepo pale, akaachia mpini wa cherehani akakaa kimya mda mrefu, akasema alhamdulillah, halafu akaulizia mtoto wangu kama amemaliza chanjo zote. Hakua mtu wa kuacha mama apite na kichanga bila kumuuliza hilo.

Lakini lipo linaloniuma na ntalisema hata kama ni sikukuu. Msikitini tunakoswali Ijumaa kuna ngazi tano. Miaka yote hiyo alikua anabebwa, na kubebwa hakukupenda, alikua anaangalia chini mpaka wamweke. Idd tunaswali uwanjani, hakuna ngazi, anakuja mwenyewe na baiskeli yake ya matairi matatu ya kuendesha kwa mikono, kanzu nyeupe, kofia ya mkono, anafika mapema kuliko imamu, yani uso wake siku hiyo ulikua mwingine kabisa. Mi nlidhani anafurahia sikukuu kama sisi, nimekua mtu mzima ndo nikaelewa. Tungeweza kumwaga mteremko wa saruji pale wakati yupo hai, na hatukufanya. Tunachanga sasa, wapo wengine wanaotambaa zile ngazi mpaka leo, mwenye mfuko wa saruji au hela yake anitafute.

Mola amrehemu, amlaze mahali pema. Msomeeni fatiha kabla hamjagusa pilau.

Asubuhi hii uwanjani mbele yangu alisimama mtoto kama wa miaka tisa hivi. Fundi kanzu za watoto alikua anaziwekea pindo la vidole vinne kwa ndani, ili ukirefuka mama afumue kidogo uvae tena Idd ijayo, ya kwangu ilinifikisha Idd tatu. Basi ile kanzu ya yule mtoto imefifia kidogo mabegani, na chini ina mistari miwili ya mapindo yaliyofumuliwa, mmoja juu ya mwenzake, na kwa ndani kimebaki kidole kimoja.