Fundi asiondoke kabla waifai ya mteja haijawekewa neno la siri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nieleze jambo nililolishuhudia mwenyewe hapa Arusha, ambalo naamini linawagusa wengi waliowekewa intaneti majumbani katika miaka ya karibuni.

Jumamosi moja mwezi uliopita nilikuwa nikiendesha gari kutoka Sakina kwenda Njiro, na kando yangu alikaa mpwa wangu anayesomea kompyuta katika chuo kimoja cha hapa mjini. Simuni mwake alikuwa amewasha programu inayoorodhesha kila mtandao wa waifai unaonaswa njiani: jina lake, nguvu ya mawimbi yake, na kama umefungwa kwa neno la siri au uko wazi. Hakuingia katika mtandao wa mtu yeyote, alisikiliza tu. Ruta ya nyumbani, yaani kile kifaa kinachosambaza waifai, kwa kawaida hutangaza jina lake hewani takriban mara 10 kwa sekunde, na humtangazia yeyote aliye karibu, hivyo gari linalopita polepole linaweza kukusanya majina ya mtaa mzima bila kugonga geti hata moja. Tulipoacha lami na kuingia mitaa ya ndani, orodha ilirefuka haraka kuliko nilivyotazamia. Majina mengi yalikuwa na alama ya kufuli pembeni. Machache hayakuwa nayo, na karibu yote yasiyo na kufuli yalikuwa bado ni majina ya kiwandani, yaani herufi za watengenezaji wa ruta zikifuatiwa na tarakimu chache. Mojawapo lilizidi kupata nguvu kadiri tulivyosogea, na tuliposimama mbele ya geti la mama yangu mkubwa, ambaye ndiye tuliyekuwa tunakwenda kumsalimia, likapanda hadi juu kabisa ya orodha.

Mama ni mjane aliyevuka miaka 70. Baada ya shikamoo na chai tulimwomba ruhusa, naye akaridhia. Mpwa wangu aliigeuza ruta, akasoma kibandiko kilicho chini yake, akaandika neno la siri lililochapishwa hapo na kiwanda, na ukurasa wa mipangilio ukafunguka mara moja. Kamera ya getini, ambayo wanawe walimfungia kwa sababu analala peke yake, nayo ilifunguka kwa neno la kiwandani. Maana yake ni kwamba mtu aliyeegesha gari nje ya ukuta angeweza kutazama nani anaingia na nani anatoka, kupitia kamera ileile iliyowekwa kumlinda mama. Kwa miezi kadhaa alikuwa akiwagombeza wajukuu kwamba wanamaliza kifurushi kabla ya mwezi kwisha. Siku hiyo ndipo tulipoelewa kwa nini vijana kadhaa walipenda mno kukaa na simu zao chini ya mjakaranda ulio nje ya ukuta wake. Wajukuu waliombwa radhi jioni ileile.

Kinachonitia hofu zaidi ya kifurushi ni hili. Kila mmoja wetu alipanga foleni kusajili laini kwa alama za vidole, na laini iliyomo katika ruta ya mama imesajiliwa kwa namba yake ya kitambulisho cha Taifa. Mtu akipitia mtandao huo ulio wazi akatuma matusi, akatapeli au akapakua picha chafu, nyayo zake zitawafikisha wapelelezi kwenye sebule ya bibi kizee wa Njiro, na ni yeye atakayeanza kujieleza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwa makusudi katika mfumo wa kompyuta wa mtu mwingine bila idhini, na vijana wanapaswa kujua kwamba kusoma jina la mtandao hewani ni jambo moja, na kujiunga nao bila ruhusa ya mwenyewe ni jambo jingine. Hata hivyo, mimi siamini kwamba sheria peke yake itamlinda mama ambaye hajui hata kama mlango wake uko wazi.

Wapo watakaosema kwamba hakuna mwenye haja na barua pepe za watu wa kawaida. Mwaka 2010 kampuni ya Google ilikiri kwamba magari yake yaliyokuwa yakipiga picha za mitaa katika nchi zaidi ya 30 yalikuwa pia yamenasa vipande vya mawasiliano kutoka mitandao ya waifai isiyofungwa, na baadaye ikakiri kwamba humo mlikuwa na baadhi ya barua pepe nzima na maneno ya siri. Kampuni ilisema haikukusudia. Ikiwa gari lisilokusudia liliweza kubeba hayo, sioni sababu ya kumdharau anayekusudia. Ni kweli kwamba leo tovuti nyingi, zikiwemo za benki, huficha mawasiliano yake zenyewe, lakini kamera, printa na ruta yenyewe hubaki mikononi mwa aliyeingia.

Tena si kila kufuli ni kufuli. Mfumo wa kwanza wa kulinda waifai, unaoitwa WEP, ulitoka mwaka 1997, na kufikia mwaka 2001 wataalamu walikuwa wameonyesha namna ya kuuvunja. Leo huvunjwa kwa dakika chache. Mwenye ruta ya zamani, hasa iliyonunuliwa mtumba, aangalie kama imewekwa mfumo ulioufuata na ulio imara zaidi, yaani WPA2, iliyoanza mwaka 2004, au WPA3 ya mwaka 2018. Vilevile, kuficha jina la mtandao, ambako mafundi wengine hukuuza kama ulinzi, hakumzuii mtu mwenye programu ya kusikiliza.

Nilimpigia simu fundi aliyemwekea mama intaneti. Alinijibu kwa heshima, na nilishukuru kwa ukweli wake. Alisema aliacha mtandao wazi kwa sababu aliona neno la siri lingemsumbua mtu mzima, kisha akaongeza kwamba yeye hulipwa kwa idadi ya nyumba anazoziwekea intaneti kwa siku, wala hakuna malipo ya muda anaoutumia kumwelekeza mteja. Hilo la kwanza silikubali. Mama alijichagulia neno la siri mwenyewe, majina ya ng'ombe wanne aliowahi kuwafuga akiwa Ilboru, akaliandika nyuma ya daftari lake la hesabu za maziwa, na tangu siku hiyo hajawahi kunipigia simu kuuliza. Tulimtengenezea pia mtandao wa wageni wenye neno lake tofauti, kwa sababu ana kipaimara cha mjukuu mwezi Desemba na hapendi kumnyima mgeni kitu. Wageni watapata intaneti bila kuifikia kamera. Kazi yote, pamoja na kubadilisha lile neno la kiwandani la ruta na la kamera, haikuzidi dakika 20.

Naziomba kampuni zinazoweka intaneti majumbani, na naiomba Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania izisimamie, ziwalipe mafundi wao kwa dakika hizo 20. Fomu ya makabidhiano iwe na sehemu inayoeleza kwa Kiswahili kwamba mteja ameweka neno lake mwenyewe la waifai na kwamba neno la kiwandani la ruta limebadilishwa, na fundi asiruhusiwe kuchukua saini ya mteja kabla mteja hajaunganisha simu yake kwa mkono wake mwenyewe.

Msomaji wako,
Mkazi wa Sakina, Arusha