Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa gundi

Mhariri,

Viwanda vya viatu vya Asia vikitajwa, husemwa mshahara tu. Gundi je? Soli mara nyingi hubandikwa kwa gundi yenye toluini, kiyeyusho kinachogeuka mvuke upesi. Ikipata joto, mvuke humpanda mfanyakazi usoni, akashikwa na kizunguzungu, na baadaye neva huharibika. Ukaguzi wa kiwanda kimoja cha Vietnam kilichotengenezea Nike, uliofichuliwa mwaka 1997, ulikuta asilimia 77 ya wafanyakazi wana matatizo ya kupumua.

Barakoa ya kitambaa huzuia vumbi, si mvuke. Panatakiwa barakoa yenye kichujio cha kaboni na bomba la kufyonza hewa palepale mezani. Feni humsukumia jirani sumu hiyo. Gundi inayoyeyushwa kwa maji badala ya toluini ipo, ila hukawia kukauka, na anayedaiwa idadi ya jozi kila saa ndiye huumia.

Mafundi viatu,
Mwanza