Ile muvi ya nyumba yenye mizimu, hukuiangalia vizuri

Shosti wangu,

Za huko? Wote hawajambo? Mi niko poa tu, umbea mwingine nitakupa baadaye maana leo nina hasira na wewe kidogo. Ile muvi uliyosema inachosha, The House That Would Not Die, ile ya 1970 waliyoitengeneza ABC kule Marekani kwa ajili ya TV tu, nimeirudia yote, na nakwambia wewe ulikuwa unasubiri damu ndo maana hukuona kitu.

Hebu kumbuka. Ruth karithi nyumba ya kizamani, kahamia na mpwa wake Sara, jirani yao profesa Pat kaanza kujipitisha pitisha pale, siku moja wakajifanya wanaita mizimu, basi balaa likaanzia hapo. Sara anapandisha, anaongea maneno ambayo si yake, na Pat naye mtu mstaarabu ghafla anabadilika anakuwa jitu katili, halafu kuna ile sauti ya usiku inamwita Ammie arudi nyumbani. Wewe ukasema aah mapepo tu. Lakini si uliona wanachofanya baadaye? Hawakimbilii mganga, wanapekua makaratasi! Wanatafuta nani aliishi mle enzi za vita vya uhuru wa Marekani, nani alikuwa msaliti, na huyo Ammie, binti wa jenerali aliyeishi mle, alipotelea wapi. Ile ni kesi ya mauaji shosti, sema tu mashahidi walishakufa zamani wanatoa ushahidi kwa midomo ya walio hai, na Ruth ndo mpelelezi mwenyewe.

Na kitabu ilikotoka hiyo muvi, Ammie, Come Home cha 1968, kaandika Barbara Michaels ambaye jina lake halisi ni Barbara Mertz, msomi wa mambo ya Misri ya kale. Nilipojua hivyo nikaelewa kwa nini majibu yote yako chini ya nyumba huko, inabidi watu wachimbe.

Ulilalamika pia eti kila dakika chache upepo, mlango, mtu anapiga kelele, kisha giza. Sasa ile ilikuwa TV, nafasi yao saa moja na nusu pamoja na matangazo, muvi yenyewe inabaki kama dakika 74 tu, kwa hiyo kila kabla ya tangazo lazima wakuachie roho juu usije ukabadilisha chaneli. Dairekta wake John Llewellyn Moxey alikuwa anaujua huo mchezo, miaka miwili baadaye ndo akafanya The Night Stalker, muvi nyingine ya kutisha ya TV. Ila mwisho wameukimbiza sana, hapo nakubaliana na wewe, mambo ya miaka mia mbili yanamalizwa haraka haraka kule chini kama watu wanaowahi basi.

Barbara Stanwyck aliyecheza Ruth lakini! Mama wa miaka 63, ametoka kwenye The Big Valley, ile tamthilia ya TV ya makauboi, yaani anamwangalia mzimu kama anamwangalia mpangaji asiyelipa kodi. Halii lii ovyo. Yule Kitty Winn aliyecheza Sara mwaka uliofuata akachukua tuzo ya mwigizaji bora wa kike kule kwenye tamasha la muvi la Cannes kwa muvi nyingine kabisa, kisha 1973 yumo kwenye The Exorcist, safari hii anakaa pembeni anamwangalia mwenzake akipandisha, nilicheka sana.

Kwa hiyo irudie, na safari hii weka simu mbali, mwangalie Pat tangu mwanzo, kila anapokuwa karibu na Sara angalia sura yake inavyogeuka. Kitabu nitakutumia ukimaliza, ila hiki unirudishie, kile kingine najua nshakisamehe.

Wako,
shoga yako yule yule