Wimbo mmoja wa kantri una mali mbili

Mhariri,

Wanamuziki wa kantri wa Marekani wanaojitegemea wakiandikwa kwenye kurasa za burudani, msomaji husimuliwa kofia, gitaa, video iliyosambaa na bahati. Wanavyopata riziki haiguswi. Tunaomba iguswe, kwani waliopoteza nyimbo zao wengi walizipoteza kwa kutojua jambo moja: wimbo uliorekodiwa una mali mbili. Kuna utunzi, yaani maneno na melodi, na kuna rekodi yenyewe, ambayo watu wa studio huiita masta. Kila moja ina mwenyewe na hulipwa kwa mlango wake.

Chukua redio. Marekani, stesheni za AM na FM hazimlipi mwimbaji hata senti. Humlipa mtunzi na mchapishaji wake, yaani kampuni inayosimamia utunzi, kupitia vyama kama ASCAP, BMI na SESAC. Redio za setilaiti, na zile za intaneti ambazo msikilizaji hachagui wimbo, hulipia rekodi pia, na mkusanyaji ni SoundExchange: asilimia 50 kwa mwenye masta, 45 kwa mwimbaji mkuu, 5 kwa wapiga vyombo na waitikiaji. Asiye na lebo, yaani kampuni ya kurekodi, akiwa ndiye mwenye masta, huchukua 95. Ila fedha hiyo haimfuati nyumbani. Ajiandikishe kama mwimbaji, kisha kama mwenye rekodi. Anayejaza fomu ya kwanza tu anaiacha nusu mezani.

Kubwa zaidi ni mirabaha ya kunakili, yaani malipo ya mtunzi wimbo unaponakiliwa au kusikilizwa mtandaoni. Kampuni inayompandishia nyimbo Spotify na kwingineko humletea fedha za rekodi. Za utunzi, kwa Marekani, hupitia The MLC, chombo kilichotokana na sheria ya mwaka 2018 kikaanza kazi Januari 2021. Mtunzi anaweza kuwa mwanachama wa BMI miaka nenda miaka rudi na hizi zisimfikie, kwa sababu BMI hukusanya za kutumbuiza tu, wimbo unapochezwa hadharani. Jina la wimbo likiandikwa hivi huku na vile kule, au ISRC, ile namba ya rekodi yenye herufi na tarakimu, jumla 12, ikikosewa, malipo hukwama.

Kwenye CD hesabu ni nyepesi. Mwaka 2025 kiwango cha kisheria cha kumlipa mtunzi kilikuwa senti 12.7 kwa wimbo usiozidi dakika 5, kwa kila nakala. Aliyeimba nyimbo 10 za wenzake akauza CD 500 anadaiwa dola 635. Aliyetunga zote mwenyewe hadaiwi na mtu. Hapo ndipo kalamu inapomfaa mwimbaji asiye na lebo.

Sasa karatasi ya mgawanyo, ambayo tungependa kila kijana aione kwa macho. Nashville, mji mkuu wa muziki wa kantri, watunzi wawili watatu hukaa chumba kimoja, na desturi ya wengi ni kugawana utunzi sawa, hata kwa aliyechangia mstari mmoja. Karatasi ijazwe siku hiyo hiyo, kabla gitaa halijarudi kwenye kasha: jina la wimbo, tarehe, jina kamili la kila mtunzi, chama chake, asilimia yake, sahihi yake. Jumla iwe 100. Ikiachwa mpaka kesho, kila mmoja hukumbuka mchango wake ukiwa mkubwa kidogo, mmoja anasajili 50, mwingine 40, wa tatu 33, jumla inakuwa 123, na malipo yanazuiwa hadi wapatane. Mtengeneza filamu anayeutaka wimbo hangoji ugomvi huo uishe, huchukua mwingine.

Studio nako kila saa ni pesa, na wapiga vyombo wa Nashville wana dawa yake: mfumo wa namba. Kordi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, haziandikwi kwa herufi bali kwa namba. Kwenye kii ya G, yaani wimbo ukiegemea noti ya G, namba 1 ni G, 4 ni C, 5 ni D. Mwimbaji akiamka na sauti nzito akataka kushuka hadi E, karatasi haiguswi: 1 sasa ni E, 4 ni A, 5 ni B, na kazi inaendelea. Anayeingia studio na daftari la maneno matupu hulipia muda wa watu kutafuta kordi zake. Kabla hawajatoka, kila mpiga chombo asaini kwamba ameshalipwa na hana dai kwenye masta.

Historia inatosha kuwa mwalimu. Willie Nelson, akiwa na njaa, aliuza wimbo wake wa dini kwa dola 50. Mwaka 1960 ukapanda chati kwa sauti ya mtu mwingine. Mwaka huo huo Loretta Lynn na mumewe walizunguka kwa gari kutoka stesheni hadi stesheni wakiipeleka santuri yake ya kwanza kwa mkono, nao wimbo, alioutunga mwenyewe, ukafika nafasi ya 14. John Prine alishiriki kuanzisha lebo yake, Oh Boy Records, mwaka 1981, akabaki nayo hadi kifo chake mwaka 2020. Na Aaron Watson wa Texas, bila lebo kubwa, aliingia kileleni mwa chati ya albamu za kantri ya Billboard mwaka 2015, baada ya miaka mingi ya kuzunguka kwenye kumbi za dansi.

Kwa waliokwisha kuuza, sheria ya Marekani imeacha mlango. Mtunzi aliyetoa haki zake kwa mkataba wa mwaka 1978 au baadaye anaweza, kwa kawaida, kuzirudisha baada ya miaka 35, isipokuwa kazi aliyoifanya kwa kuajiriwa. Notisi ya maandishi itangulie tarehe ya kurudishwa kwa miaka isiyopungua 2 wala kuzidi 10, na nakala isajiliwe ofisi ya hakimiliki. Aliyesaini mwaka 1995 na kutaka nyimbo zake mwaka 2030 awe ametuma notisi ifikapo 2028. Mlango huo hukaa wazi miaka 5, kisha hufungwa.

Wasomaji wenu, wapenzi wa kantri